Mzee wa Mkasi na Baraka Aliyoninyima

Mimi ni mtu wa maduka matatu. Nalitaja hili mapema ili tusisumbuane baadaye. Shule niliiacha darasa la sita, na leo nikipita Lavington nazijua nyumba kwa madirisha yake. Ile ya geti jeusi nimeivisha mimi. Ile ya mbwa wawili nimeivisha mimi. Ile ya daktari wa meno nimeivisha mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza mkewe alisema kijani kinamkumbusha hospitali. Mapazia ni kazi yangu, na nimesifiwa na watu wenye digrii mpaka wamesahau walisomea nini.

Lakini kuna mtu mmoja katika mji huu wa Nairobi ambaye kwa miaka mingi alimbariki kila kiumbe aliyepita mbele ya kaunta yake. Alimbariki askari wa kaunti, akambariki muuza njugu, akambariki hata paka wa jengo. Mimi akaniruka. Maneno yenyewe ni matatu tu, "Mungu akubariki mwanangu", maneno ambayo siku hizi unaambiwa hata na mtu aliyekuoshea kioo cha gari bila kumwomba. Nimeyataka maneno hayo kutoka kinywa chake kuliko nilivyotaka gari. Gari nilipata.

Alizaliwa wapi na ni mwana wa nani, hayo sitakuambia, maana yeye mwenyewe hakupenda kuulizwa. Alikuwa Mswahili wa pwani, basi. Ukimchimba zaidi ya hapo alikuangalia juu ya miwani na kusema, "Waja kununua kitambaa au waja kuposa?"

Tulimwita Mzee wa Mkasi. Duka lilikuwa la vitambaa, pale Biashara Street, na mwenye duka alikuwa Mhindi mmoja mpole ambaye babu yake ndiye aliyelifungua. Mwenye duka alikuwa na funguo, alikuwa na kiti cha kuzunguka, alikuwa na kalenda yenye picha ya mungu wake juu ya kichwa. Lakini kukata kitambaa, hakuna aliyeruhusiwa ila Mzee. Mkasi wake ulikuwa mweusi, mzito, wa chuma cha zamani, na aliulaza juu ya kaunta kama mtu anavyomlaza mtoto. Sisi wabebaji, tuliokuwa tukishusha majora kutoka kwenye lori na kuyapandisha ngazi mbili kwa mabega, tulijua vizuri nani mkubwa mle ndani.

Kazi yake kubwa, ukiniuliza mimi, ilikuwa salamu. Aliijua dini ya mtu kabla mtu hajafuta miguu mlangoni. Singasinga akiingia, Mzee alishaanza, "Sat sri akal, sardarji!" Mama wa Kihindi wa asubuhi aliambiwa "Jai Shri Krishna". Mama wa Wangige mwenye kiondo aliambiwa "Ngai akurathime, maitu", kwa Kikuyu chenye ladha ya tui la nazi, mpaka mama mwenyewe anaangalia nyuma kuona nani amesema. Walokole walipigwa "Bwana asifiwe!" kabla hawajapumua. Vijana wa rasta nao hakuwaacha. "Niaje kijana. Mola akuhifadhi. Wataka mita ngapi?"

Siku moja kijana mmoja wa Kilimani, mwenye kipuli na simu mbili, alimjibu, "Buda, mimi siamini hizo vitu za Mungu."

Tukasogea tuone. Mzee hakuinua hata nyusi.

"Hapana neno," alisema. "Yeye akuamini wewe. Mita ngapi?"

Kijana alinunua mita sita. Alikuja kuuliza tatu.

Usidhani basi kwamba alikuwa laini. Kwa upande wa bei alikuwa mwamba. Ukimwambia "Mzee, punguza kidogo, hali ni ngumu," alikuwa akishika kifua na kusema kwa huzuni ya kweli, "Mimi sina punguzo, mwanangu. Aliye nalo yuko juu, na nimeshakuombea." Watu walicheka wakalipa. Alikuja mchungaji mmoja wa suti nyeupe akitafuta kitambaa cha madhabahu, naye akajaribu kumpiga Mzee kwa silaha yake mwenyewe.

"Mzee wangu," alisema, "ukimpunguzia mtumishi wa Mungu, utabarikiwa mara mia."

"Mara mia!" Mzee akafurahi. "Mchungaji, na baraka hizo mia, nauziwa au napewa?"

"Unapewa, Mzee. Za Mungu huwa ni bure."

"Alhamdulillahi. Basi nipe hizo za bure, nami nitakupa mkono wa shukrani. Kitambaa ndicho chenye bei."

Mchungaji alicheka mpaka akaketi juu ya jora, akalipa yote, na tangu siku hiyo akawa anakuja hata asipohitaji kitu, kuja tu kushindana naye. Sijawahi kumwona akishinda.

Jambo lililomkasirisha kabisa lilikuwa watu wanavyolitumia neno Inshallah. Hapa Nairobi mtu akikuambia Inshallah, unajua hakuna kitu. Ni njia ya adabu ya kusema nenda nyumbani. Mzee alikuwa akiwaka. "Watu wamemfanya Mungu karani wa visingizio!" alisema. Kwake yeye ilikuwa hivi. Kama hajui mzigo utafika lini, alikuambia "sijui", neno ambalo muuzaji yeyote mjini angemeza sindano kuliko kulisema. Lakini akikuambia "Jumanne, Inshallah," wewe njoo Jumanne na begi lako. Mafundi wa Dagoretti walipanga harusi za watu kwa Inshallah ya Mzee, na sikumbuki bibi arusi aliyetoka uchi.

Na simu, Mungu wangu, simu! Aliwahi kupigia kampuni moja iliyomkata salio lake. Aliwekwa kwenye muziki tangu alipomaliza chai mpaka chai ya pili ikaja. Hatimaye msichana akamwambia tatizo lake haliwezi kutatuliwa leo, asante kwa kupiga, uwe na siku yenye baraka.

"Subiri, binti yangu," Mzee alisema. Sisi wote tulikuwa tumezunguka, ameiweka simu kwa sauti kubwa kwa sababu hakujua kuizima. "Wanibariki kwa lipi?"

"Samahani, mzee?"

"Baraka hii, ni ya nini? Shida yangu iko palepale."

"Ni... ni vile tunamaliza simu, mzee."

"Aa. Basi mwanangu, siku ukiitatua, niite unibariki. Hii iweke, usiiharibu."

Msichana alicheka. Na wallahi, kama angekuwapo Mzee angenikemea kwa kuapa, lakini wallahi, msichana yule alipiga simu jioni ileile, salio likarudi, na akambariki. Mzee akaitikia "Amin" kwa sauti ya kusikika barabarani.

Usimfanye malaika, tafadhali. Ijumaa aliwahi msikitini mapema kuliko wote, na mimi nilimsifu kwa jambo hilo mpaka aliponieleza kwamba anawahi ile nafasi ya kuegemea nguzo. Alikuwa mmbeya wa hali ya juu. Aliwachukia njiwa wa jengo chuki ambayo sijaiona kwa binadamu. Na drafti! Alicheza drafti ya vifuniko vya soda na mlinzi wa jengo kila saa saba, na alikuwa mwizi mtupu. Nilimwona kwa macho yangu akisukuma kifuniko kwa kidole kidogo huku akimwonyesha mlinzi njiwa.

"Mzee," nikamwambia pembeni, "si umeiba pale?"

"Nimeiba," alisema.

"Na wewe mtu wa Mungu?"

"Wewe umenisikia nikimtaja Mungu tangu nianze kucheza?"

Nikafikiri. Kweli, hakuwa amemtaja. Mtu aliyemtaja Mungu kwa kila mita ya kitambaa, kwenye drafti alikuwa kimya kama jiwe.

Hapo ndipo ningeanza kuelewa, kama ningekuwa mwepesi wa kichwa kama nilivyokuwa mwepesi wa mabega.

Maana kulikuwa na utaratibu pale kaunta, na mafundi wakongwe walioujua hawakumwambia mtu. Mzee akimaliza kukata, alikunja kitambaa, akakiwekea kiganja juu, akakinyamazia kidogo. Kisha alisema moja ya mambo mawili. Akisema "Mungu akubariki, karibu tena," fundi alilipa. Akisema "Karibu tena" tupu, fundi alikumbuka ghafla kwamba ameacha pesa nyumbani. Kitambaa kilichoweza kuchuja, kilichorudi kikilowa, kilichokuwa na uzi wa hila, Mzee hakukisema vibaya, maana alikuwa mwajiriwa na mwenye duka alikuwa ameketi palepale. Lakini jina la Mungu hakulitia humo. Mwenye duka alijua? Mimi naamini alijua. Aliwahi kutengeneza kibao kizuri cha kuning'iniza mlangoni, kimeandikwa MUNGU AKUBARIKI KWA KUNUNUA HAPA, na Mzee akakataa kisitundikwe.

"Kwa nini, Mzee?" mwenye duka akamuuliza. "Wewe si nasema hiyo maneno siku nzima?"

"Kibao hakijui kitambaa, Bwana."

Mwenye duka akakiangalia kibao chake, akakiangalia tena, akakirudisha stoo. Ndipo ninaposema alijua.

Sasa nifike kwenye aibu yangu. Naiandika kwa mkono wangu mwenyewe, kwa hiyo usiniongezee.

Mwaka wangu wa nne wa kubeba majora nilikuwa nimeanza kujitafutia wateja. Nina mdomo, sikuzaliwa mbebaji. Kanisa letu kule Dagoretti lilitaka majoho ya kwaya, rangi ya damu ya mzee yenye kola nyeupe. Nikawaleta wenyewe dukani Ijumaa saa saba, Mzee akiwa ameenda swala na mwenye duka akila chakula chake kule nyuma. Rangi waliyoitaka ilikuwa kwenye jora moja tu, na jora lile nilikuwa nimewaona mafundi wakiliacha kaunta mara nne. Nne! Nilihesabu. Lakini mama msimamizi wa kwaya, mwanamke mkubwa wa sauti ya pili, alikuwa ameshalikumbatia.

"Hii haitachuja?" aliniuliza.

Nikaushika mkasi wa Mzee. Nikakata. Nikakunja kama anavyokunja, nikaweka kiganja kama anavyoweka, nikasema kwa sauti yake ileile ya pwani, "Haichuji, mama. Mungu ni shahidi. Mungu awabariki, karibuni tena." Nilijisikia mtu mkubwa sana.

Jumapili ya tamasha la kwaya walinyeshewa uwanjani wakiwa kwenye ubeti wa pili. Waliingia wakiwa wekundu na weupe, wakatoka wote waridi, kola, shingo na mikono. Kuna mzee wa besi aliyekaa waridi mpaka Alhamisi.

Mama msimamizi alikuja dukani na kola kwenye mfuko wa nailoni. Akaitandaza kaunta. Mzee akaigusa kwa dole gumba.

"Nani aliwauzia?"

"Huyo hapo," mama akaninyooshea kidole kizima. "Na aliapa kwa Mungu!"

Nilitegemea matusi. Mzee aliniuliza neno moja tu. "Ulijua?"

"Nilijua kidogo, Mzee."

"Kujua kidogo kukoje?"

Nikaanza kuikunja ile kola.

Jumapili iliyofuata Mzee wa Mkasi alipanda na mimi mpaka Dagoretti, na kofia yake kichwani, na jora jipya begani kwangu. Akaketi benchi la mbele. Ibada yetu ni ndefu, hata sisi wenyewe huwa tunatoka kwenda kununua maziwa na kurudi. Yeye hakutikisika. Alipopewa nafasi ya kusalimia kanisa, akasimama akasema, "Bwana asifiwe!" Watu wakajibu kwa mshangao, nusu nusu. Akawaangalia. "Huko nyuma mwalala? Bwana asifiwe!" Kanisa likalipuka.

Kisha akasema, "Mimi ni Mwislamu. Nimekuja kuwaomba radhi. Jina la Mungu lilitumika kwenye kaunta yangu kuuzia kitambaa kibaya. Kitambaa nimewaletea kingine. Jina siwezi kuwaletea jingine, ndiyo maana nimekuja mwenyewe."

Walimpigia makofi, wakamwimbia, wakampa chai na mandazi manne. Nilijikunja kwenye kona kama jora la kale. Na tulipokuwa tukiteremka barabarani kurudi, akaniambia, bila hasira hata chembe, "Wewe ni mfanyabiashara. Una mdomo, una mguu, utafika mbali. Nitakufundisha kitambaa. Lakini jina lake sitakutajia tena, hata nikikuuzia uzi. Nitakuambia karibu. Na karibu yangu ni safi."

Nilicheka moyoni. Nikasema, adhabu gani hii ya bure? Mtu hakufukuzi, hakukati mshahara, anakunyima salamu!

Ni mwaka wa pili ndipo ilipoanza kuniuma.

Nilifungua kibanda cha mapazia, kikawa duka, na nikaendelea kununua kwake. Kila mara alikunja mzigo wangu, akaweka kiganja, akanyamaza, akasema, "Karibu." Nilinunua majora arubaini siku moja, mzigo wa lori zima, wabebaji wakanipigia mluzi. "Karibu." Nilimpelekea tende za mwezi wa Ramadhani, za bei, za boksi la dhahabu. "Asante sana, karibu." Nilipiga chafya mbele yake makusudi, chafya ya kutengeneza, nikasema na alhamdulillahi juu yake ili anijibu "Mungu akurehemu", nikiwa Mkristo wa kubatizwa. Akanipa kipande cha kitambaa nijifute pua.

Mke wangu alipojifungua mtoto wa kwanza nilikwenda mbio kumweleza. Nilisema hapa sasa hawezi kukwepa.

"Mashallah!" alisema, machozi yakimlenga. "Mungu ambariki mama. Mungu ambariki mtoto, amkuze, amwongoze." Kisha akanigeukia, akanishika bega. "Na wewe karibu."

Siku nilipomleta mke wangu mwenyewe dukani alipata baraka tatu kwa mita mbili za bitana. Njia nzima ya kurudi nilizihesabu. "Umenuniwa na mzee wa watu," akanitania, "kama mke wa pili!"

Basi nami nikaamua nitajitengenezea zangu. Nilipofungua duka la Kilimani, la vioo, la kiyoyozi, niliweka sheria: kila mteja aambiwe "ubarikiwe sana", akinunua, asiponunua, akiuliza choo. Nilijua mjini watu wanapenda. Na biashara ikaja, sikudanganyi. Makosa yalikuwapo. Mwende, msichana wangu mkubwa wa kaunta, aliwahi kumwambia mteja mmoja mnene aliyekuja na dada mrembo kuchagua pazia la chumba cha kulala, "Mungu ailinde ndoa yenu." Mnene akakohoa. Dada akasema, "Amina! Umesikia, baby?" Wiki iliyofuata mnene alirudi na mama mwingine, mwenye pete, na Mwende, masikini, akawaombea tena. Mnene sasa hununua Westlands.

Mzee alistaafu mwaka ule mwenye duka alipouza jengo. Nilisikia anakaa na binti yake kwenye ghorofa huku huku Kilimani, mitaa miwili kutoka kwangu, nikaahirisha kwenda kumwamkia. Wiki hii, wiki ijayo. Sikutaka kubisha hodi na umri huu wangu, na maduka haya yangu, halafu niambiwe "karibu".

Akaja yeye.

Ilikuwa mwaka huu, wakati wa jua kali, asubuhi ya saa nne. Nilikuwa chini dukani mimi mwenyewe, kwa sababu nilikuwa na mteja ambaye singemwachia msichana: mama wa Lavington, nyumba mpya, madirisha kumi na mawili. Alikuwa amechagua kitambaa changu cha krimu kutoka Uturuki, kitu cha kuteleza mkononi kama samli, na habari za oda hiyo nilikuwa nimemsimulia mke wangu wiki nzima. Tulibakiza vipimo tu. Mlango ukafunguka, wasichana wote wanne wakaimba, "Karibu sana, ubarikiwe!"

"Mwanibariki hata sijaingia?" sauti ikasema. "Mwanijua?"

Alikuwa amepungua. Fimbo, miwani mizito zaidi, viatu vimepigwa rangi vikang'aa. Nikaruka kaunta, kweli niliruka, mtu wa kitambi changu.

"Shikamoo, Mzee!"

"Marahaba. Duka zuri. Baridi kama friji." Akaegemea fimbo. "Nataka pazia la dirisha moja. Laelekea linakotoka jua. Alfajiri haijaisha, limeshanikalia usoni kama mgeni asiyebisha hodi."

Ningempa nini? Nilimpa bora nililokuwa nalo. Nikatandaza kile cha krimu mbele yake, mbele ya mama, mbele ya wasichana. "Mzee, hiki. Na si cha kununua, ni zawadi yangu."

Akakiwekea dole gumba. Akakisugua polepole.

"Chastahimili jua?"

Mama wa Lavington aligeuka kusikiliza, maana lilikuwa swali zuri. Mwende naye akaniangalia, kisha akaangalia chini. Yeye alijua. Tulikuwa tumeitundika sampuli ya kitambaa kile kwenye kioo cha mbele, na baada ya miezi michache tu ilikuwa imekuwa rangi ya chai ya hoteli. Mimi ndiye niliyemwambia aiondoe.

Nilifungua mdomo. Maneno yalikuwa yamepangwa hapo tayari, yamelainika kwa kutumika. Na nikajua kama ninavyojua jina langu kwamba nikiyasema, mzee huyu atalichukua pazia langu, ataliweka dirishani, litageuka chai, na hatasema lolote kwa mtu yeyote.

"Hakistahimili, Mzee," nikasema. "Dirisha la jua, mwaka hauishi kimebadilika rangi. Ni cha kivulini."

"Ati nini?" Mama akaja karibu. "Si jana uliniambia hii ni ya maisha?"

"Nilikuambia, mama."

"Na madirisha yangu saba yanaangalia jua!"

"Najua, mama."

"Ukaniambia Mungu ni shahidi!"

"Nilisema, mama. Nisamehe."

Akanitazama kama mtu aliyekuta nywele kwenye supu. Akachukua mkoba. "Nitafikiria," akasema, na kwa Lavington hilo maana yake ni kwaheri. Mlango wa kioo ukajifunga taratibu, maana nilinunua ule wa bei wa kujifunga taratibu.

Mzee hakugeuka kumwangalia akitoka. Alikuwa ameinama kwenye rafu ya chini, anavuta jora la pamba nzito, la kijivu, ambalo wasichana wangu hulionea haya.

"Na hiki?"

"Hicho kitakuzika, Mzee. Kinafifia kidogo tu, tena baada ya miaka. Lakini si kizuri kwa macho."

"Macho yenyewe yako wapi? Nikatie mita nne."

Nikakata.

"Umepinda," alisema.

"Nimeona."

Zawadi alikataa, akalipa, akahesabu chenji. Nikakunja kitambaa, nikakitia kwenye mfuko, nikamkabidhi. Nikasimama. Masikio yangu yalikuwa wima kama ya mbwa aliyesikia geti. Nilingoja. Naye akasimama na mfuko wake, akaniangalia, hakwenda. Wasichana wakaacha hata kubofya simu.

"Mbona wanyamaza?" akaniuliza.

"Mimi, Mzee?"

"Wewe. Watoto hawa wamenibariki mlangoni kabla hawajanipa kitu. Wewe uliyeniuzia wanyamaza. Ndiyo desturi ya duka lako, au si ndiyo?"

Nikahisi joto shingoni, ndani ya kiyoyozi. Maneno yale nimewaambia watu wasiohesabika. Nimewaambia kwa simu, nimeyachapisha kwenye mifuko. Sasa nikaushika ukingo wa kaunta.

"Naona haya, Mzee."

"Ni mwanzo mzuri. Haya, sema, nasimamia mguu mbovu."

"Mungu akubariki, Mzee."

"Amin," akasema. Hakulisema haraka. Alilisema kama mtu aliyepewa kitu, akakipima uzito, akaona ni kizima, akakipokea kwa mikono miwili. Kisha akatoka, akaingia kwenye gari lililomngoja, akaenda zake, na mimi hakunibariki, na nilikuwa nimesimama pale dakika nzima kabla sijakumbuka kwamba hakunibariki.

Mwende akasogea. "Bosi, uko sawa? Macho yako..."

"Ni vumbi la kitambaa. Rudi kazini."

"Na yule mama wa madirisha kumi na mawili?"

"Mpigie. Mwambie tuna kingine, si kizuri sana kwa macho lakini hakiogopi jua. Akitaka, tumpelekee kipande akitundike wiki mbili aone mwenyewe."

"Sawa. Na nimalizie na 'ubarikiwe sana'?"

Nikafikiri.

"Hapana," nikamwambia. "Ngoja kwanza mwaka uishe, tuone rangi."